Balozi wa Posa ya Issuna

Jumanne, 8 Julai 2025

Hakuna mtu mwenye bahati kama mimi kuanzia Manyoni mpaka Singida Mjini! Kuku wangu wakipakiwa hapa Ikungi wanafika Dodoma wazima, na mara nyingine mmoja katagia njiani. Faida juu ya faida. Nimekuwa utingo wa malori mpaka Lubumbashi, mpaka Bujumbura, na gari halijawahi kulala ubavu nikiwa ndani. Na mke je? Hapo ndipo wenzangu wanapoumia. Dina hajawahi kunikunjia uso tangu nimuoe. Hata sasa hivi hayupo nyumbani kwa wema tu. Kaenda Itigi kwa kaka yake Filipo, anamuuguza dada yao. Mke mwenye roho hiyo wewe Calist umempata wapi? Bahati!

Leo imeongezeka nyingine. Mnadani nimenunua koti la mtumba, zito, la kizungu, maana huu upepo wa Julai hauna adabu. Nilibishana na muuzaji mpaka akachoka. Akanitupia na kitabu juu yake — chukua na hiki mzee, uende zako! Cha Kiingereza. Jalada hakuna, mchwa wamekula kona zote. Kiingereza changu mimi ni cha barabarani: dizeli, breki, mai frendi. Nikakipeleka kwa Mwalimu Kefa, jirani yangu, mstaafu. Mtu wa maneno machache, yote makali.

Kefa kafungua, kasoma, kavua miwani. Anasema ni maisha ya balozi mmoja wa Uingereza, miaka mia mbili iliyopita. Jina lake Kefa alilitamka kama anameza mfupa. Mimi naliandika Weskom.

Nikamuuliza, alisoma sana? Kefa: kidogo. Nikasema, kama mimi! Kefa akaniangalia. Eti hapana, alimaliza shule.

Basi, ubalozi kaupataje? Mjomba wake alijuana na waziri. Tukacheka mpaka kuku wakanyamaza kwenye matenga. Miaka mia mbili, na Ulaya!

Halafu nimesikia jambo kubwa. Huyu Weskom kila siku aliandika mambo yake kwenye daftari. Kila siku! Nikaenda dukani nikanunua kaunta buku. Ndiyo hili.

Kwa nini? Kwa sababu na mimi nimepata ubalozi. Shukuru, mtoto wa marehemu kaka yangu, fundi wa kuchomelea mageti, kaja jioni. Shikamoo baba mdogo. Marahaba. Kakaa, kajikuna kisogo, katoa neno: amempata binti Issuna, anaitwa Belinda, anafanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti. Walijuana Shukuru alipoitwa kuunga chuma cha mashine. Anataka nikapeleke posa mimi.

Machozi yalinilenga — vumbi pia lilikuwepo. Nikamwambia, mwanangu, umefika kwenyewe.

Akasema kwa upole, labda tuongeze na mzee mwingine, baba mdogo, muwe wawili... Nikamwambia balozi ni mmoja. Kefa atakuja kama katibu.


Alhamisi, 10 Julai 2025

Upepo. Jogoo mmoja kafa, uzee.

Kefa kasoma sura ya pili kwa malipo ya mayai ya kuchemsha. Weskom alipelekwa kwa mfalme mdogo wa Italia, akaugua bahari njia nzima, alipofika akaanguka kutoka kwenye farasi mbele ya watu. Akaandika London: nimepokelewa kwa shangwe. Safi! Ndivyo inavyotakiwa. Nyumbani usipeleke habari za kuanguka.

Halafu akapelekwa kwa Waturuki. Huko akasubirishwa mlangoni miezi na miezi, kisa kiti. Walimpa kiti kifupi kuliko cha waziri wao. Akakataa kukaa. Eti akikaa yeye chini, Uingereza nzima imekaa chini. Miezi! Mwishowe akaletewa kiti cha kimo sawasawa, na waziri mwenyewe alikuwa keshafukuzwa kazi.

Kefa anasema ni ujinga mtupu. Mimi nasema ni heshima. Kefa huyu hajawahi kuvuka hata mto Wembere, atajua nini mambo ya nje?

Nimempigia Dina nimweleze habari ya posa. Hakupokea. Mgonjwa anachosha.


Jumamosi, 12 Julai 2025

Ushindi! Lakini niandike taratibu.

Tumeshuka Issuna saa nne, mimi na koti langu, Kefa na mwavuli wake. Zawadi: sukari, khanga, jogoo mwekundu wa nguvu, na saa ya ukutani. Saa ni wazo langu. Weskom naye alibeba saa kila alikokwenda.

Baba wa binti anaitwa Mzee Peniel, mkulima, mpole, anaongea kama anaogopa kuamsha mtoto. Msemaji ni dada yake mkubwa, Shangazi Damari. Mwembamba, macho kama sindano. Tukaamkia, tukaamkiwa, tukaonyeshwa benchi ukutani. Mzee Peniel yeye yuko kwenye kiti cha mkono.

Nikaangalia benchi. Nikaangalia kiti. Nikakumbuka Waturuki.

Nikasema kwa sauti ya kiofisi: samahani wakwe, mshenga amebeba ukoo mzima mgongoni, hawezi kukaa chini ya mwenyeji.

Kefa alifunga macho.

Shangazi Damari akasema, kumbe! Basi mwenyeji atakaa chini ya mgeni. Akatandika mkeka, akakaa. Mzee Peniel akainuka kwenye kiti chake, naye akakaa mkekani. Mama wa binti, mkekani. Majirani wawili, mkekani. Kefa — msaliti! — naye mkekani. Mimi nikaletewa kile kiti. Nikakaa juu peke yangu kama kuku aliyepanda dari, miguu yangu usawa wa nyuso za wakwe.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

Nikatoa hotuba hata hivyo. Nikaeleza ukoo wetu, ukarimu wetu. Nikataja nyumba ya Mwantum, mjane, ilipoungua mwezi wa nne, watu wakakaa kikao cha kuchangia, huyu sufuria, huyu godoro, mimi nilisimama nikatoa cherehani! Nzima! Makofi yalipigwa mpaka barabarani. Mzee Peniel akaitikia, ni jambo jema. Nikatoa saa. Akaiweka sikioni. Akasema polepole, haisemi. Nilisahau betri. Jogoo akawika kuziba pengo. Mungu ambariki jogoo yule.

Ndipo Shangazi Damari akauliza, na mama yuko wapi?

Mama yupi?

Mkeo, baba.

Nikasema yuko Itigi, anamuuguza dada yake. Akauliza, dada yake yupi? Nikasema, yule... mkubwa. Kefa alikohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho asubuhi.

Pole yake, akasema Shangazi. Akanyoosha miguu mkekani. Akaeleza desturi ya nyumba yao. Naandika kama alivyosema, maana bado ipo masikioni: "Kwetu hapa mshenga mara ya kwanza anakuja na mdomo wake. Mara ya pili anakuja na mkewe. Mdomo tumeusikia, asante. Sasa tunamtaka anayeishi na huo mdomo kila siku. Tutakaa naye sisi wanawake chumbani, tumuulize wanaume wa ukoo wenu wakoje mlango ukishafungwa. Akisema ni watu, binti ni wenu."

Nikauliza, na akiumwa, akisafiri, akiwa na udhuru?

Basi na binti naye atakuwa na udhuru.

Jumamosi ijayo, mchana. Jumapili yake wanakuja wageni wengine wa posa kutoka Mjini, wana Fuso. Shangazi alilitaja lile Fuso kama mtu anavyotaja mvua ikionekana Manyoni.

Wakati wa kutoka nilimwona Belinda mlangoni, mafuta ya alizeti mpaka kwenye viwiko. Akanipigia goti, shikamoo baba. Akanong'ona, njoo na mama, tafadhali. Huyu mtoto anampenda Shukuru wetu, hilo halina ubishi.

Tuliposhuka Ikungi Kefa akasema: Balozi, utafanyaje?

Nikamwambia, nafanyaje nini? Tumeitwa tena. Huo ni ushindi. Nimemtumia Shukuru meseji: UMEPOKELEWA KWA SHANGWE.


Jumapili, 13 Julai 2025

Nimempigia Dina mara kadhaa. Mtandao wa Itigi mbovu. Nadhani treni zinavuruga mawimbi.

Nyumba ina mwangwi. Nimekula ugali wa jana na chumvi.


Jumatatu, 14 Julai 2025

Balozi mwenye akili hakosi mpango wa pili.

Nimekwenda stendi kwa Ritha, yule mama lishe wa supu. Mjane, mchangamfu, umri unalingana na wa Dina, na Issuna hawamjui. Nikasubiri wateja wapungue. Nikamweleza kwa lugha ya kidiplomasia kwamba ninamwomba awakilishe mke wangu kwa mchana mmoja. Nauli juu yangu, kitenge juu yangu.

Alicheka mpaka akamwaga supu kwenye jiko. Akamwita mwenzake wa chapati aje asikie. Mwenzake akamwita wa matunda.

"Shemeji Calist! Mimi niwe mke wako wa kupanga? Na huko chumbani wakiniuliza ukoje, niseme nini? Niseme unakuja kunywa supu, unanunulia watu usiowajua, halafu yako unakopa?"

Nikasema, ndiyo ukarimu huo!

Akaacha kucheka. Akapangusa mikono. Akasema, sasa kwa sauti ya chini: "Shemeji, nenda Itigi. Stendi nzima inajua."

Inajua nini? Watu wa stendi hawana kazi.

Supu nimekunywa. Nimewanunulia na makonda wawili.


Jumanne, 15 Julai 2025

Sura kubwa leo. Weskom kapewa safari ya maisha yake: kwenda kwa mfalme wa Mashariki ya mbali. Nchi gani hatujui, jina limeliwa na mchwa. Meli tatu! Miezi baharini. Zawadi: saa za dhahabu, darubini, gari la farasi lenye vioo. Kafika. Maofisa wa kule wakamwambia karibu, mfalme anakusubiri, ila kuna utaratibu mdogo. Ukiingia unapiga magoti, paji la uso linagusa sakafu.

Weskom kakataa! Akasema goti moja nitatoa, la pili hapana. Wakabishana habari ya goti wiki nzima. Wakamwambia, basi rudi. Akarudi! Zawadi zikabaki bandarini kwenye makasha, hazikufunguliwa. London akaandika: heshima ya taifa imelindwa.

Nikapiga meza. Mwanaume huyo!

Kefa akasema, alivuka dunia nzima akarudi bila kuona hata pua ya mfalme, kwa ajili ya goti. Na wao ndio waliokwenda kumwomba mfalme, si mfalme aliyewaomba wao.

Tukiwa hapo Shukuru akaingia, nguo zina matundu ya cheche. Akaamkia wote. Hakukaa. Akasema ameongea na Mjomba Filipo kwa simu.

Nani kakutuma?

Hakuna aliyenituma, baba mdogo. Belinda kanipigia analia.

Maneno ya Filipo ndiyo haya: mama mdogo yupo, mzima. Calist akimtaka aje mwenyewe. Asitume mtu, asitume meseji, asilete hotuba. Tangu mzee wao afariki, Filipo ndiye kakalia kiti cha baba. Kwa hiyo Calist akifika mlangoni atamwamkia kama anavyomwamkia baba mkwe. Shikamoo kwa kuinama. Halafu aseme kosa lake.

Nililipuka! Shikamoo, mimi, kwa Filipo? Filipo niliyemfundisha baiskeli? Niliyemfuta kamasi siku ya harusi yangu, akilia eti ninamwibia dada? Mtoto wa reli yule, anapeperusha bendera kwa treni, leo nimwinamie?

Shukuru akasema: "Baba mdogo, ni neno moja tu."

Kefa akasema, goti moja atatoa.

Nikawafukuza wote wawili. Mayai nimekula mwenyewe.


Jumatano, 16 Julai 2025

Basi nimefikiri. Shikamoo siwezi, ila cherehani naweza kuirudisha. Hiyo ingemaliza mazungumzo bila mtu kuinama.

Lazima niandike vizuri hapa maana pale juu nimeandika kwa haraka. Ile cherehani niliyotoa kwenye kikao ilikuwa ya Dina. Aliachiwa na mama yake. Mashine ya miguu, nyeusi, maua ya dhahabu ubavuni. Sikumwuliza. Alikuwa amekaa upande wa wanawake nilipotangaza, akasikia pamoja na wengine. Na yeye alipiga makofi. Nilimwona. Kumbe makofi yana aina zake.

Usiku ule alisema neno, mbele ya wageni wangu waliokuja kunipongeza. Nikatania. Nikasema mke wangu huyu analilia vyuma kuliko watu. Wageni wakacheka. Mimi ndiye nilicheka sana.

Haya. Nimekwenda kwa Mwantum.

Kajenga vyumba viwili, bati jipya. Cherehani iko dirishani, imepanguswa mpaka inang'aa, amening'iniza sketi za shule kamba nzima. Binti yake Maryam anapiga vifungo. Mwantum akaniona, akasimama, akapiga goti, akaniletea kigoda na chai yenye tangawizi. Akasema wanangu wanakula kwa ajili yako, Mzee Calist. Kila asubuhi tunakutaja.

Neno lilikuwa limefika hapa, kwenye ulimi. Nikameza chai, likashuka nalo.

Nikasema nimekuja kushona shati.

Akanipima. Mikono yote miwili nimenyoosha pale kama mtu aliyekamatwa. Wakati anapima mabega akauliza, Dada Dina hajambo? Maana tangu ule mwezi hajapita hapa. Nilimpelekea khanga ya shukrani, akaipokea, akaomba aguse mashine mara moja. Akaigusa. Akaenda.

Hilo sikulijua.

Shati litakuwa tayari wiki ijayo. Rangi ya bluu.


Alhamisi, 17 Julai 2025

Nimemwomba Kefa radhi kwa mayai. Nimempelekea jogoo.

Tumemaliza kitabu. Weskom kazeeka. Kapewa nishani, kapewa cheo, kapewa nyumba kubwa yenye bustani. Kila mwaka anaalikwa karamu anasimulia habari ya goti. Watu wanapiga makofi. Halafu kafa.

Nikauliza, na mke wake?

Kefa: mke gani?

Si ulisoma sura ya kwanza kwamba alioa?

Kefa akarudi nyuma, akalamba kidole, akafunua, akafunua. Muda mrefu. Upepo unapiga bati. Akasema: "Ametajwa mara mbili. Siku ya harusi, na siku anazikwa. Mumewe alikuwa safarini zote mbili — hapana, harusini alikuwepo. Maziko hakuwahi."

Katikati hapo alikuwa anafanya nini?

Kitabu hakisemi, Balozi. Ni kitabu cha mume.

Kefa hakuniambia kitu kikali, na hiyo inatisha kuliko kikali.

Shukuru alipita na pikipiki ya rafiki yake. Hakuniuliza kitu. Aliniletea kibanda cha chuma cha vifaranga, kachomelea mwenyewe, na magurudumu chini. Eti usije ukaumia mgongo kunyanyua matenga, baba mdogo. Kesho kutwa huyu mtoto anaweza kumkosa mkewe kwa ajili ya ulimi wangu, na yeye ananiwekea magurudumu.

Nimepiga pasi shati. Ninajua kupiga pasi! Kola imeungua kidogo.


Ijumaa, 18 Julai 2025

Ndani ya basi, mwandiko unaruka.

Nimeliacha koti nyumbani. Ningelivaa ningeanza hotuba. Zawadi sina. Kila nilichoshika nilikumbuka kile nilichotoa bila kuuliza.

Tumepita Issuna. Nimeinamisha kichwa mpaka magotini kama mtu aliyeangusha shilingi. Abiria wa jirani, mama mmoja wa Kigogo, akauliza, unaumwa baba? Nikamwambia hapana mama, nawakimbia wakwe. Akasema ndiyo vizuri, wengine hawana hata wa kuwakimbia. Akanipa karanga.

Nimefanya mazoezi. Kimoyomoyo. Shikamoo, Filipo. Inakataa! Shikamoo, shemeji. Inakataa. Nikajaribu kwa sauti, mama wa Kigogo akaitikia marahaba.

Manyoni, nimebadili gari. Itigi nimefika jioni, baridi ya kung'ata. Nimelala gesti. Sikwenda kwa Filipo jioni hiyohiyo kwa sababu watu wa reli wanalala mapema. (Wanalala mapema, nimeambiwa.)


Jumamosi, 19 Julai 2025

Naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi, nje ya nyumba ya Filipo, zile za reli za matofali. Benchi fupi. Halina mgongo.

Nilibisha hodi asubuhi. Filipo kafungua mwenyewe, sare ya kazi, kanizidi kimo siku hizi. Mdomo wangu ukafunguka, na kilichotoka ni: "Habari za siku nyingi, kijana!"

Kijana!

Hakukasirika. Akasema nzuri. Akasema subiri hapo. Akarudisha mlango.

Nimesubiri. Jua limepanda, baridi haijatoka. Treni ya mizigo imepita, mabehewa ya kumwaga, hayaishi. Ndani kuna cherehani inalia. Nimeitambua miguu. Dina akishona anakanyaga mara tatu anapumzika, anakanyaga mara tatu anapumzika. Miaka yote nimelala kwa mlio huo na sikujua kwamba ninaujua. Mashine ni ya nani, sijui. Kapata nyingine. Bila hotuba ya mtu.

Filipo katoka tena, anaelekea kazini na bendera zake kwapani. Nikainuka. Majirani wanaanika mahindi, wanaangalia. Watoto nao. Nikafikiri, huyu ni Filipo wa baiskeli. Halafu nikafikiri, Calist, mara ya mwisho watu wengi walipokuangalia ulitoa cherehani ya mtu.

Nikainama. Sikuangusha kitu safari hii. Nikasema: "Shikamoo, baba."

Akaitikia: "Marahaba."

Akasema, na kosa?

Nikasema nilitoa kitu kisicho changu nikapigiwa makofi, halafu mwenye kitu alipolia nikamfanya kichekesho kwa wageni.

Ndani, cherehani ilisimama.

Filipo akaangalia mlango. Akasema, mimi umeshanisalimia, asante. Aliyebaki siyo wa kunipitia mimi. Akaenda zake relini, anafuta pua kwa mkono wa sare, kama siku ile ya harusi.

Shukuru kapiga simu. Issuna wameshatandika. Shangazi Damari kaweka kiti cha mkono katikati ya ua, eti cha Balozi, na mkeka mmoja pembeni, wa mama. Anauliza niwaambie nini, baba mdogo? Wameuliza mgonjwa anaendeleaje.

Kwa desturi yangu ningesema tuko njiani, gari limeharibika Manyoni. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kusema hivyo. Nikamwambia waambie Calist yuko mlangoni kwa wakwe zake, anasubiri. Waambie hivyohivyo. Shukuru akasema: "Nitawaambia, baba mdogo. Usiondoke hapo."

Siondoki.

Cherehani bado imesimama. Nasikia hatua ndani, zinakuja hadi karibu na mlango, zinasimama. Hakuna anayefungua. Hakuna anayerudi.

Niandike hili kabla mlango haujafanya chochote, kwa sababu ukifunguka nitaanza utani. Kule mwanzo wa hili daftari nimejiita mtu wa bahati, mke hajawahi kunikunjia uso, kaenda kuuguza dada.

Uongo. Dina hana dada.